Paa, Lango na Gari la Mzazi: Tenisi ya Chipukizi nchini Uingereza

Mchezo wa tenisi nchini Uingereza una fedha ambazo michezo mingi ya mashinani duniani haijawahi kuziona, na bado mtoto wa kawaida wa nchi hiyo, awe wa London au wa Glasgow, akitoka shuleni na raketi yake jioni ya mwezi Desemba, mara nyingi hakuti mahali pa kucheza. Kila mwaka mashindano ya Wimbledon, yanayodumu kwa wiki mbili tu, huacha ziada, yaani fedha zinazobaki baada ya gharama zote kulipwa, na kwa mujibu wa makubaliano yatakayodumu hadi mwaka 2053, asilimia 90 ya ziada hiyo hukabidhiwa Chama cha Tenisi ya Nyasini, kinachofahamika kwa herufi zake LTA, ambacho kiliundwa mwaka 1888 na ndicho kinachosimamia mchezo huo katika Britania nzima, pamoja na Uskoti na Welisi. Katika miaka ya karibuni mgawo huo umefika pauni milioni 40 na zaidi kwa mwaka, kiasi ambacho vyama vingi vya tenisi duniani, visivyo na mashindano makubwa ya kuvilisha, haviwezi kukiota.

Hoja ya sura hii ni kwamba kikwazo kikubwa cha tenisi ya chipukizi kinakaa mbali na hazina hiyo, chini kabisa, mahali ambapo mtoto hukutana na mchezo kila wiki: kama kuna kiwanja anachoweza kukifikia kwa miguu, kama kuna paa la kumkinga mvua na giza, na kama kuna wenzake wa kiwango chake wa kushindana nao karibu na nyumbani. Mambo hayo yanapokosekana, pengo huzibwa na mzazi mwenye gari, muda na akiba, kiasi kwamba katika sehemu kubwa ya nchi mzazi huyo ndiye miundombinu yenyewe ya mchezo. Na mtoto asiye na mzazi wa namna hiyo huondoka kimyakimya, bila jina lake kuandikwa popote.

Asili ya mchezo ina sehemu yake katika tatizo hili. Meja Walter Clopton Wingfield aliposajili hataza ya tenisi ya nyasini mwaka 1874, alichouza kilikuwa sanduku lenye raketi, mipira, nguzo na wavu, na mnunuzi aliyekusudiwa alikuwa mtu mwenye bustani pana na watumishi wa kuitunza. Miaka mitatu baadaye klabu moja ya London, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya mchezo wa kroketi, iliandaa mashindano ya kwanza ya Wimbledon, na tangu hapo klabu ikawa ndiyo nyumba ya tenisi. Klabu, kwa maana ya Waingereza, ni jumuiya ya wanachama wanaolipa ada ya mwaka na kuchagua kamati kutoka miongoni mwao, na kwa muda mrefu jumuiya hizo zilikuwa na uhuru wa kumkubali au kumkataa mwombaji bila kumweleza sababu. Angela Buxton, aliyeshinda Wimbledon katika mchezo wa wawili wawili mwaka 1956 akiwa pamoja na Mmarekani mweusi Althea Gibson, alifariki mwaka 2020 bila kuwahi kupewa uanachama wa klabu ya Wimbledon, na mwenyewe aliamini kwamba kilichomkwamisha ni Uyahudi wake.

Fred Perry, aliyetwaa taji la Wimbledon mara tatu mfululizo kuanzia 1934 hadi 1936, hakutoka katika tabaka hilo. Alizaliwa Stockport mwaka 1909, baba yake alikuwa mwanaharakati wa vyama vya ushirika aliyekuja kuwa mbunge, na sehemu ya ujana wake ilipita Brentham, mtaa wa nyumba za ushirika huko Ealing uliokuwa na viwanja vyake, ambako alijifunza tenisi, naye akawa bingwa wa dunia wa tenisi ya mezani mwaka 1929. Alipoanza kucheza kwa malipo, klabu ya Wimbledon ilimvua uanachama wake, na sanamu yake haikusimamishwa pale hadi mwaka 1984. Ilimchukua Mwingereza mwingine wa kiume miaka 77 kulitwaa taji la mchezaji mmoja mmoja, na jambo linalostahili kuzingatiwa kuhusu Perry, kuliko ukame huo ulioandikwa sana magazetini, ni kwamba bingwa yule alitokea mahali ambapo kiwanja kilikuwa sehemu ya mtaa, kama vile duka na shule.

Ubaguzi wa wazi umefutwa katika kanuni za klabu, na klabu nyingi leo huwatafuta watoto kwa bidii, kwa kuwa bila wao zitazeeka na kufa. Lakini desturi ni nzito kuliko kanuni. Katika klabu ndogo ya mji wa kawaida, kamati ni ya wanachama wa makamo wanaojitolea jioni zao bila malipo, na uamuzi wao, hata ukiwa wa nia njema, huelekea kwenye mchezo wao wenyewe: watoto hutakiwa kuwapisha wakubwa ifikapo saa kumi na mbili jioni, na kiwanja kikichakaa, hutandikwa nyasi bandia zilizotiwa mchanga, ambazo haziumizi magoti na hukauka upesi baada ya mvua. Nyasi hizo humfaa mzee anayecheza wawili wawili Jumapili asubuhi, ila juu yake mpira huruka chini na kupita haraka, hivyo mtoto hapati nafasi ya kujenga pigo refu wala subira ya kurudisha mpira mara 20, kama anavyojengewa mtoto wa Hispania au Italia na kiwanja cha udongo.

Nje ya klabu kuna bustani za umma. Halmashauri za miji zilijenga viwanja vingi vya tenisi katika bustani hizo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na kwa vizazi kadhaa mtu aliweza kulipa senti chache kwa mtunza bustani na kucheza kwa saa moja. Kisheria, hata hivyo, halmashauri haziwajibiki kutoa huduma za michezo kama zinavyowajibika kuwatunza watoto yatima au wazee wasiojiweza, na serikali kuu ilipokata ruzuku zake baada ya mwaka 2010, kiwanja cha tenisi kilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa. Hakuna aliyetangaza kukifunga, kilikufa taratibu. Ukungu wa kijani ulianza kwenye kona ambayo jua halifiki, ukaenea hadi mstari wa nyuma na kuifanya lami iteleze. Mizizi ya miti ikapasua sakafu. Waya wa wavu ukakatika na wavu ukafungwa kwenye nguzo kwa kamba ya plastiki, ukining'inia katikati kiasi kwamba mtoto wa miaka 7 angeweza kuuvuka kwa hatua moja. Mistari ikafifia chini ya mistari mipya ya mpira wa kikapu. Kufikia mwaka 2021, karibu nusu ya viwanja vya bustani nchini vilihesabiwa kuwa katika hali mbaya, mbaya sana, au visivyochezeka kabisa.

Mwaka huo Mwingereza Emma Raducanu, akiwa na umri wa miaka 18 na akitokea raundi za mchujo, alishinda mashindano ya wazi ya Marekani, na wiki chache baadaye serikali ikatangaza mpango wa kukarabati viwanja vya bustani kwa zaidi ya pauni milioni 30, ambapo serikali ilitoa takriban milioni 22 na taasisi ya hisani ya LTA zaidi ya milioni 8. Hadi mpango ulipokamilika mwaka 2024, viwanja zaidi ya 3,000 vilikuwa vimetengenezwa, na haki inadai isemwe wazi kwamba hii ni kazi kubwa, pengine bora kuliko yote iliyofanyiwa tenisi ya umma katika kizazi kizima. Pamoja na sakafu mpya yalikuja malango yenye vibonye: mchezaji huweka nafasi kwa simu, hupokea tarakimu kadhaa, huzibonyeza langoni na mlango hufunguka. Faida yake ni dhahiri, kwani kila mtu hujua kama kiwanja kiko wazi, na ada ndogo inayolipwa huwekwa akiba kwa matengenezo ya baadaye.

Lakini lango hilo limebadilisha kitu ambacho hakionekani kwenye takwimu za uwekaji nafasi. Vijana wawili wa miaka 12 wanaopita bustanini wakiwa na raketi kuukuu na mpira mmoja hawana akaunti, hawana kadi ya benki, wala hawakupanga kucheza. Walikuwa wanapita tu. Zamani, hata kwenye kiwanja kibovu, wangeingia. Saa fulani za bure hutengwa katika bustani nyingi, na yako makundi ya hisani yanayotoa mafunzo bila malipo siku za mwisho wa wiki, lakini saa ya bure iliyopangwa ni tofauti na mlango ulio wazi, na mchezo wowote wa mashinani, kuanzia mpira wa miguu wa mitaani, hukua kwa watoto wanaopita tu.

Hata kiwanja kilichokarabatiwa vizuri hakiwezi kushindana na majira ya mwaka. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na la Glasgow huzama mapema zaidi, ilhali shule nyingi huwaruhusu watoto kati ya saa tisa na robo na saa tisa na nusu alasiri. Mtoto akienda moja kwa moja bustanini hubakiwa na mwanga wa nusu saa hivi, kama mvua haikunyesha. Na ikinyesha, mpira uliolowa huwa mzito, hukataa kuruka, na huharibu nyuzi za raketi ambazo kuzifunga upya ni gharama nyingine. Kwa takriban miezi mitano, basi, mtoto anayetegemea kiwanja cha wazi kisicho na taa hufanya mazoezi mwisho wa wiki pekee, ilhali mwenzake wa Barcelona au wa Florida hucheza kila siku.

Tiba inajulikana, nayo ni taa na paa. Taa za uwanjani huhitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na kabla ya kibali kutolewa, majirani hupewa nafasi ya kupinga. Wanapinga: kwa sababu ya mwanga unaoingia vyumbani, kwa sababu ya kelele za mipira na milango ya magari usiku, na wakati mwingine kwa sababu ya popo, ambao wanalindwa na sheria na ambao njia zao za kuruka huvurugwa na mwanga. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo iliyo ya kipuuzi, na mtu anayeishi karibu na kiwanja ana haki ya kulala; hata hivyo matokeo yake ni kwamba klabu yenye fedha za taa inaweza kutumia miaka kadhaa ikiandika barua na kulipia tathmini za mazingira, na kizazi kizima cha watoto waliokuwa na miaka 9 wakati ombi linaandikwa huwa kimeshaacha mchezo siku taa zinapowashwa. Paa la hewa, yaani turubai kubwa linalosimamishwa na mashine ya kupuliza na kukunjwa wakati wa kiangazi, hukutana na vikwazo hivyohivyo pamoja na bili ya umeme. Viwanja vya ndani vilivyojengwa kwa kuta na paa la kudumu ni vichache kwa nchi ya watu wanaokaribia milioni 70, na vingi kati yake viko ndani ya vituo vya mazoezi vya binafsi au vyuo vikuu, ambako mtoto wa nje hupata saa zilizobaki baada ya wanachama na wanafunzi.

Ufaransa iko upande wa pili wa mlango wa bahari, na majira ya baridi ya kaskazini yake hayana huruma zaidi. Huko klabu nyingi hukaa kwenye viwanja vya manispaa: manispaa hujenga, klabu huendesha, na kiwanja chenye paa huchukuliwa kuwa mali ya mji kama bwawa la kuogelea. Shirikisho la Ufaransa lina karibu wachezaji milioni moja wenye leseni, yaani watu waliosajiliwa rasmi na kupewa daraja katika mfumo mmoja unaoanzia kwa anayejifunza na kuishia kwa mchezaji wa kulipwa. Wakosoaji wa mfano huu hukumbusha kwamba Ufaransa haijapata bingwa wa kiume wa mashindano makubwa ya mmoja mmoja tangu Yannick Noah aliposhinda Paris mwaka 1983, na ukweli huo haupingiki. Unachothibitisha ni kwamba bingwa mmoja hawezi kutengenezwa kwa mpango, iwe Paris au London. Tofauti kati ya nchi hizi mbili inaonekana chini zaidi, kwa mtoto wa mji mdogo ambaye hatakuwa bingwa wa kitu chochote na ambaye hata hivyo ana mechi Jumapili hii, katika jezi ya klabu yake, dhidi ya kijiji jirani.

Katika umri mdogo kabisa, Uingereza inafanya vizuri, na anayetaka kuona mchezo huu ukifundishwa kwa akili atembelee klabu yoyote nzuri Jumamosi asubuhi. Kiwanja kamili chenye urefu wa mita 23.77 hugawanywa kuwa viwanja vidogo vya takriban mita 11, wavu mfupi husimamishwa katikati, na watoto wa miaka 8 na chini hupewa mipira mikubwa, laini, yenye rangi nyekundu, ambayo mwendo wake ni wa polepole kiasi kwamba mtoto ana muda wa kuona, kusogea na kupiga. Baadaye huja mpira wenye rangi ya chungwa kwenye kiwanja cha mita 18, kisha wa kijani kwenye kiwanja kamili, na mwishowe wa njano wa kawaida. Na tangu mwaka 2012 sheria za kimataifa haziruhusu mpira wa njano kutumika katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Mtoto aliyekuwa akiokota mipira zamani, kwa kuwa kila pigo liliruka juu ya kichwa chake, leo anaweza kurudishiana mpira na mwenzake katika wiki za kwanza. Uso wa mtoto anapofikisha mapigo kumi bila kukosea, huku akiyahesabu kwa sauti, unatosha kuonyesha kwamba hakuna upungufu wa mapenzi.

Kamba hukatika kati ya miaka 10 na 14. Mafunzo ya Jumamosi yanapokuwa hayatoshi, mtoto anahitaji mazoezi ya mara tatu au nne kwa wiki, kiwanja cha ndani wakati wa baridi, na zaidi ya yote mechi, na hapo ndipo muundo wa kazi ya ukocha unapojitokeza. Makocha wengi wa Uingereza hawaajiriwi na klabu. Ni watu wanaojiajiri, wanaokodi kiwanja au kuilipa klabu sehemu ya mapato yao, na kipato chao ni saa za mafunzo walizouza. Somo la mtoto mmoja lina bei, somo la kundi lina bei, lakini kusimama ukingoni ukiwatazama watoto wanne wakicheza mechi zao wenyewe kwa saa mbili hakuna anayekulipia. Kocha mwenye moyo hufanya hivyo bila malipo, naye ana kodi ya nyumba kama mtu mwingine. Hivyo basi nchi imejaa watoto waliofundishwa pigo zuri la mkono wa mbele, wasiojua kuhesabu alama wala kustahimili mchezo uliofika sare, kwa sababu somo linanunulika na mechi haina muuzaji.

Mechi zinazopatikana ziko katika mashindano yaliyopangwa kwa ngazi, kutoka za mtaa na kaunti hadi za kanda na taifa, na kila matokeo huingia katika hesabu inayompa mtoto namba. Tangu 2021 namba hiyo ni ya kimataifa, inayoanzia 40 kwa anayeanza na kushuka kuelekea 1 kwa mchezaji wa kulipwa, na nia yake ni njema: kumkutanisha kila mmoja na wa kiwango chake. Kwa familia, hata hivyo, namba imekuwa kitu cha kulindwa, na wazazi hujifunza kuchagua mashindano ambayo mtoto hatapoteza mbele ya aliye dhaifu kuliko yeye. Kadiri mtoto anavyopanda, ndivyo wenzake wa kiwango chake wanavyopungua karibu naye, na familia ya Cornwall au ya Nyanda za Juu za Uskoti huweza kuendesha gari kwa saa tatu ili mtoto acheze mechi mbili zilizofupishwa kwa ajili ya kuokoa muda, kisha irudi usiku. Ligi za timu za chipukizi zipo katika kaunti nyingi na zinaendeshwa na watu wanaojitolea kwa bidii ya kupongezwa, ila zimebaki pembeni ya mfumo, wakati zilistahili kuwa moyo wake, hasa kwa wasichana, ambao wengi wao huacha mchezo wa upweke wanapofika ujana na ambao wangeweza kubakizwa na marafiki waliovaa fulana moja.

Jibu la viongozi, mara nyingi, limekuwa kuwachagua wachache na kuwakusanya mahali pamoja. Mwaka 2007 LTA ilifungua kituo cha taifa huko Roehampton, kusini magharibi mwa London, kilichogharimu takriban pauni milioni 40, chenye viwanja vya kila aina, vyumba vya tiba na malazi. Wanaotetea uchaguzi wa mapema wangekubaliana na methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, na kwa upande wa mazoea hawakosei. Lakini mwili wa mtoto wa miaka 10 hausemi mengi kuhusu mtu mzima atakayekuwa: aliyezaliwa Januari humshinda kirahisi aliyezaliwa Novemba wa mwaka huohuo kwa sababu tu amekua zaidi, naye huchaguliwa, hupewa kocha bora, na baadaye ubora huo huonekana kana kwamba alizaliwa nao. Jamie Murray, mtoto wa Dunblane aliyekuwa miongoni mwa bora barani Ulaya katika umri wake, alipelekwa Cambridge akiwa na miaka 12 katika mpango wa kitaifa, akarudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha akiwa amepoteza pigo lake la mkono wa mbele na furaha ya mchezo. Kwamba baadaye alifika namba 1 duniani katika mchezo wa wawili wawili ni sifa yake na ya nyumba iliyompokea. Mdogo wake, Andy, alipofikisha miaka 15, alimsikia chipukizi mwenzake wa Hispania, Rafael Nadal, akieleza kuwa anafanya mazoezi na Carlos Moyá, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji bora duniani, akaona wazi kwamba nyumbani hakuna wa namna hiyo wa kucheza naye, akaenda Barcelona.

Mataji ya chipukizi nayo hayatoi uhakika. Laura Robson alishinda Wimbledon ya wasichana mwaka 2008 akiwa na miaka 14, na majeraha yakamlazimu kustaafu mwaka 2022. Oliver Golding alishinda mashindano ya wazi ya Marekani ya wavulana mwaka 2011 na kuacha mchezo miaka michache baadaye. Na Henry Searle aliposhinda Wimbledon ya wavulana mwaka 2023, alikuwa Mwingereza wa kwanza kufanya hivyo tangu mwana wa mwanasoka Stanley Matthews mwaka 1962. Wasomaji wa Afrika Mashariki watakumbuka kwamba mwaka mmoja kabla yake, Angella Okutoyi wa Kenya alinyanyua kombe la wasichana wawili wawili kwenye nyasi hizohizo, akitokea nchi isiyo na hata sehemu ndogo ya fedha zinazozungumzwa hapa.

Ukiwatazama Waingereza waliofika juu katika miaka 30 iliyopita, familia inaonekana kila mahali kuliko mfumo. Babu yake Tim Henman, Henry Billington, aliwahi kucheza Wimbledon. Mama yao akina Murray, Judy, alikuwa kocha. Jack Draper, aliyeshinda mashindano ya Indian Wells mwaka 2025, ni mwana wa mama kocha na wa baba aliyekuwa mtendaji mkuu wa LTA. Cameron Norrie alikulia New Zealand na kukomaa katika chuo kikuu cha Marekani, na Johanna Konta alizaliwa na kujifunza mchezo Australia. Raducanu alikulia Bromley akasoma shule ya serikali, naye ni mfano wenye matumaini zaidi, ijapokuwa nyuma yake alikuwapo baba aliyesimamia kila hatua. Hakuna aibu katika kuwa na wazazi wa namna hiyo. Inachoonyesha orodha hii ni idadi ya wasioonekana ndani yake: watoto waliokuwa na mkono uleule na jicho lilelile, waliozaliwa katika nyumba ambayo mama anafanya kazi zamu ya jioni na basi la mwisho hupita saa moja.

Shule zingeweza kuwa mlango wao, kwa kuwa asilimia 93 hivi ya watoto wa England hawasomi shule za binafsi, na shule hizo za binafsi ndizo zenye viwanja, makocha na ratiba ya mechi. Shule ya kawaida ya serikali ina uwanja wa lami wenye mistari ya netiboli, mwalimu mmoja wa michezo, na muhula wa kiangazi uliobanwa na mitihani, hivyo tenisi hupata wiki chache tu, nazo ni zilezile ambazo televisheni inaonyesha Wimbledon. Programu ya chipukizi ya klabu ya Wimbledon, iliyoanza mwaka 2001, hutembelea shule za mitaa ya Merton na Wandsworth na kuwaalika watoto kwenye viwanja vya klabu bila malipo, na inathibitisha kwamba kazi hiyo inawezekana; ugumu ni kwamba maili chache zaidi ya mipaka ya mitaa hiyo miwili, mwaliko unakwisha.

Siku hizi klabu nyingi zinageuza kiwanja kimoja au viwili kuwa vya padeli, mchezo wa wawili wawili unaochezwa ndani ya kuta za vioo, ambao LTA inausimamia pia na ambao huingiza fedha haraka. Ikiwa fedha hizo zitarudi kwa watoto, ni heri. Ikiwa kiwanja kilichogeuzwa ni kile walichoachiwa watoto, basi wamesogezwa tena. Serikali nayo imewahi kuonyesha kutoridhika na LTA: mwezi Desemba 2012 shirika la umma la Sport England, linalogawa fedha za michezo ya mashinani, lilikataa kuidhinisha mpango wa miaka minne wa LTA na kutoa fedha za mwaka mmoja tu, baada ya idadi ya watu wazima wanaocheza kila wiki kushuka, katika miaka michache, kutoka karibu laki tano hadi chini ya laki nne.

Lami ya kiwanja cha tenisi huhitaji kupakwa rangi upya kila baada ya miaka michache, na kutandikwa upya baada ya miaka 10 hadi 15, kutegemea miti iliyo karibu, maji na matunzo. Viwanja vya bustani vilivyokamilishwa mwaka 2024 vitaanza kudai fedha za kutandikwa upya kuanzia 2034, mwaka ambao mtoto aliyeanza na mpira mwekundu akiwa na miaka 8 atakuwa ametimiza 18. Ada zinazokusanywa langoni ndizo zinazotarajiwa kulipia kazi hiyo, na ada hizo, kwa sasa, hukusanywa zaidi kati ya Aprili na Septemba.